Tonge la Papa Mkavu

Siham alikuwa ameandika jina la dawa ile kwenye utafiti wake hadi likamjia ndotoni, lakini hakutazamia kulikuta chini ya mto wa mama mkwe wake, Bi Shemsa. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kwanza kuwapikia wakwe, nyumbani kwao Usagara. Alikuwa amekwenda chumbani mwa mkwewe kuchukua kitambaa cha kufutia mikono, mto ukasogea. Vidonge vilibaki nusu kopo: dawa ya huzuni ya zamani, ambayo madaktari wengi wameshaiacha.

Akakumbuka chakula alichopika. Sebuleni papa mkavu alikuwa amekwisha kupakuliwa.

Utafiti wake ulihusu amini, kemikali ambazo ubongo unazo kwa kiasi kidogo mno. Zamani wataalamu walizidharau, wakasema hazina kipokezi chao, yaani mlango wao wa kuingilia kwenye seli, zinadandia tu vya wenzao. Mwanzoni mwa karne hii kipokezi kikaonekana, na hadi leo wanabishana kinafanya kazi gani hasa. Siham alijitosa kwenye ubishi huo miaka mitatu, mpaka mumewe mpya, Yaqoub, akalalamika kwamba ameoa maabara. Ila jambo moja halikuwa na ubishi. Samaki aliyekaa na chumvi siku nyingi huweza kujaa amini mojawapo, ambayo tumbo huivunja kabla haijadhuru. Dawa ile huzuia kuvunjwa huko. Presha hupanda ghafla, na mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Habari ya vipokezi ingesubiri. Mishipa ya Bi Shemsa isingesubiri.

Akatoka mbio. Katika ukoo ule, mama mkwe ndiye huonja tonge la kwanza la bibi harusi mbele ya watu, ndipo wengine wale. Bi Shemsa alikuwa nalo tayari mkononi. Kando yake alikaa kaka yake, mjomba Humaid wa Pangani, ambaye asubuhi hiyohiyo alisema sonona, huo ugonjwa wa huzuni, ni maradhi ya wasiosali.

Akisema kweli, atamvua nguo mama mkwe. Akinyamaza, huenda akamzika.

"Mama, usile," akasema. "Mjusi kaangukia chunguni. Nilimtoa, nikaona haya kusema."

Tonge likarudi sahanini. Humaid akanyanyuka, akakung'uta kanzu yake.

"Yaqoub, umetuolea mwanamke wa kutulisha uchafu. Mrejeshe kwao Makorora."

Yaqoub akainamisha kichwa, na hilo lilimuuma Siham kuliko maneno yenyewe.

Siham akarudi jikoni na sahani ya papa. Bi Shemsa alimfuata kwa hasira. "Nimekukosea nini wee mwana?"

"Hakuna mjusi, mama. Nimeona kopo chini ya mto. Ukila papa na dawa ile, unaweza kufa."

Bi Shemsa akapunguza sauti. "Umewambia?"

"Sijawambia. Wala sitawambia."

"Hata wakikurejesha kwenu?"

"Hata wakinirejesha," Siham akasema, machozi yakimtoka.

Bi Shemsa akarudi sebuleni.

"Humaid, kaa chini. Mjusi hakuna. Mie nina maradhi ya huzuni tangu afe baba Yaqoub. Mwaka wa nne huu nameza dawa kwa siri, kwa kuogopa ulimi wako, hata miiko yake sikuuliza. Papa huyu angeniua, na mtoto huyu kakubali kuachika ili nisiaibike." Akageukia mlango wa jikoni. "Siham, mwanangu, njoo ukae ubavuni pangu. Nami nipakulie wali mtupu."