Usitie Mafuta

Nimepita karakana nyingi, lakini ile ya Coventry, Uingereza, tulipokuwa tunaunda magari kabla ya vita kuu, ilikuwa na desturi moja mbaya: fundi akikaribia kufukuzwa, sanduku lake la zana linatangulia mlangoni. Asubuhi ile lilikuwa pale sanduku la Enoch Tranter.

Enjini yake mpya ilikuwa inakwama vali ya moshi, kile kizibo cha kufungua na kufunga njia ya moshi, kila ikipata joto. Mafuta yaliungua kwenye shina la vali, yakageuka masizi ya kunata, vali ikaganda. Safari hii Enoch alilipaka grafiti kavu, ule unga mweusi wa kwenye penseli, bila tone la mafuta.

"Ikizunguka saa nzima kwa nguvu zote, unabaki," mzee Gadsby, mwenye karakana, alimwambia. "Ikikwama, mlango unaujua."

Tukaiwasha. Bomba la moshi likaiva, likawa jekundu. Sote tukarudi nyuma ila Enoch.

Saa ikikaribia kuisha, vali ikalia. Mlio mwembamba, wa kutia ganzi meno.

"Inakufa hiyo!" Gadsby akapiga kelele.

"Inalia tu, bosi. Iache."

"Unifundishe mimi? Chuma kikilia kinataka mafuta!"

Naye alianza kama fundi, na mkono wa fundi ukisikia mlio hausubiri kuambiwa. Hata mimi nilikuwa nimeshashika kikopo changu cha mafuta. Gadsby akanyakua chake akainama, mdomo wa kikopo juu ya vali.

Enoch akamdaka mkono.

Tukakauka. Mtu anamshika bosi!

"Niachie, mshenzi wee!"

"Ukitia tone moja inaganda, mzee. Halafu unifukuze kwa kosa lako?"

"Nakufukuza kwa huu mkono!"

Enoch hakuachia. Kiwiko chake kiligusa bomba, shati likaanza kufuka moshi, uso ukamkunjamana. Mlio ukapanda, ukapanda tena, ukakatika ghafla.

Nikasema basi, imekwama. Lakini enjini ilikuwa bado inanguruma, na vali inafunguka na kufungika bila kelele; grafiti ilikuwa imeshashika kwenye shina.

Gadsby akaitazama saa ya ukutani mpaka muda ukatimia. Akaweka kikopo chini.

"Sasa niachie."

Akaachiwa. Akaondoka anajisugua mkono, na pale mlangoni akajikwaa.

"Nani kaweka takataka hizi njiani?" akafoka. "Tranter! Rudisha sanduku lako ndani kabla sijavunjika mguu. Na huo mkono kautie maji."