Yupo, Hayupo

Kumanjayi alifika kwenye geti la bwawa la kuogelea na sare ya shule mwilini, rangi za kuchorea zimemkaukia vidoleni. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuchoma nyayo. Ndani, wenzake walirushiana maji na kupiga mayowe.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema mjomba wake Desmond, mlinzi wa geti. "Skrini inasema leo hukwenda shule. Asiyesoma haogelei."

"Nilikuwepo, mjomba! Nilikaa na Shanelle."

"Alikuwepo!" Shanelle alidakia kutoka majini. "Tena kaninyang'anya brashi, mwizi huyo!"

Desmond alijifuta jasho shingoni. "Mimi nakuamini. Hii hapa ndiyo isiyokuamini."

Kumanjayi si jina alilozaliwa nalo. Lile la kwanza alipewa na somo yake, bibi aliyekuwa mama mkubwa wa mama yake, na bibi huyo tulimzika baada ya mvua za mwisho. Kwetu sisi wenyeji wa jangwa hili, mtu akifa, jina lake hulala naye. Halitamkwi, wala haliitikiwi. Hata walio hai wanaoitwa hivyo hulivua, wakaitwa Kumanjayi mpaka miaka ipite na huzuni ipoe. Kwa hiyo nami hapa sitaliandika.

Mfumo wa shule ulikuwa nalo bado. Kila asubuhi Miss Bridget, mwalimu mgeni kutoka pwani, alilisoma kwenye tableti, na darasa zima likainamisha vichwa. Hakuna aliyeitika. Kidole kikabonyeza: hayupo. Miss Bridget alikuwa akimwona mtoto pale mbele yake, lakini mwaka uliopita wakaguzi walikuta watoto waliohama zamani bado wanaandikwa kuwa wapo, na tangu hapo amri ikawa moja: kila mtoto aitike kwa sauti yake, kwa jina lililosajiliwa.

Jioni ile simu ya mama yake, Lorraine, ililia. Ujumbe haukuwa na salamu. Mwanao ni mtoro. Posho yako ya serikali imesimamishwa. Kesho yake dukani kadi ilikataa. Alirudisha unga kwenye rafu, akarudisha na nyama, na watu wa kwenye foleni wakajifanya wanasoma bei za sabuni.

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Keti, Lorraine," alisema Bwana Whitford. "Ukitaka tubadilishe jina, leta cheti kipya cha kuzaliwa."

"Sitaki libadilishwe. Jina ni lake, atalirudia. Limepumzika tu."

"Mfumo hauna mahali pa jina kupumzika."

"Basi mwalimu amtazame usoni. Hana macho?"

"Usinipandishie sauti. Mfumo sikuutunga mimi. Mtoto aseme 'nipo', basi, yaishe. Ugumu uko wapi?"

"Mwenye jina hilo ndiye aliyenilea."

"Pole sana." Akaugeuza uso wa kompyuta kumwelekea. Mistari myekundu ilikuwa imejipanga, na juu yake jina zima, kwa herufi kubwa. "Tazama mwenyewe."

Lorraine aligeukia ukutani. "Sioni," alisema.

Siku zilizofuata hakukalika. Aliketi, akainuka, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Alipigia ofisi ya mjini. Muziki ulimchezea sikioni mpaka salio likakatika. Dada yake, mama Shanelle, aliwaletea kipande cha mkia wa kangaruu, na Lorraine akamwona akikitazama wakati anakiweka mezani, maana naye nyumbani alikuwa na midomo inayomsubiri.

Jumatatu Lorraine alimshika bintiye mkono, wakaingia wote darasani. Alikaa nyuma yake kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimgusa kidevu. Miss Bridget alimtabasamia, akaanza kuita majina. Watoto waliitika mmoja mmoja. Ilipokaribia zamu yao, Lorraine alimziba bintiye masikio kwa viganja vyote viwili, akakaza.

Jina likatoka. Vichwa vikainama.

"Nipo," alisema Lorraine.

Miss Bridget alisita, kidole hewani, kisha akabonyeza. "Leo nimepokea sauti yako, mama. Kuanzia kesho iwe yake."

Shanelle alikuwa wa kwanza kusogeza kiti chake mbali nao. Halafu mwingine, halafu mwingine, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu. Kumanjayi, masikio yangali yamezibwa, aliinua uso, akawa anautazama mdomo wa mama yake ajue umesema nini.