Nyanya Aliyeitwa Mti

Mwanamkisi alikitupa kitabu mkekani kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Bintiye Lubna alikuwa amemletea kutoka mjini Lamu akidhani atafurahi, maana ndani yake mlikuwa na shairi la Siyu, walikotoka wazee wao kabla ya kuhamia Kipungani.

"Mti una sumu kali, ndege hatui tawini," ndivyo lilivyoanza. Profesa Abdulghafur, mwandishi wa kitabu, alikuwa amelieleza kwa kurasa thelathini. Mti, alisema, ni serikali ya Mwingereza, na mtunzi Obeid, babu yake profesa mwenyewe, alikuwa shujaa aliyeificha hasira yake ndani ya fumbo.

Mwanamkisi alimjua mti huyo. Alikuwa nyanya yake, Zamzam, aliyefiwa na waume wawili, kisha akamkataa Obeid alipokuja kuposa. Obeid akatunga. Shairi likaimbwa harusini hata watu wakaogopa kula chakula cha mkono wake, naye akahama na watoto wake usiku mmoja, bila kuaga.

Jumamosi profesa alikuwa na mhadhara mjini. Mwanamkisi akavaa buibui lake, akaenda, akaketi safu ya mbele.

Profesa alizungumza kwa madaha. Alieleza jinsi wasafiri wa Kizungu walivyovumisha habari za mti wa kisiwa cha Java, eti huua kila chenye pumzi kwa maili kadhaa.

"Mti upo," alisema, "ila habari ile ni uzushi. Walioieneza hawakufika. Wanazuoni wakanukuu, washairi wakanukuu, mti ukawa alama ya kila dhalimu."

Mwanamkisi akasimama bila kupewa ruhusa. "Nawe, Bwana, umefanya lilo hilo. Huyo unayemwita Mwingereza ni nyanya yangu. Aliihama nti yake ya Siyu kwa ulimi wa babu yako."

Profesa akatabasamu kwa midomo tu. "Bi, hizo ni hadithi za jikoni. Utafiti unataka ushahidi."

"Alimposa akakataliwa."

"Imeandikwa wapi?"

Watu wa safu za nyuma wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Kulikuwa na ubeti mmoja ambao mamake alimfunza kwa mnong'ono, ili awajue adui zao, na akamwapisha asiutamke mbele ya mtu. Akautamka.

"Zamzami jina la maji, sumu imo mtungini. Wawili walohitaji, wamelala kaburini."

Hakucheka mtu tena. Profesa akachukua kalamu akaanza kuandika. Mwanamkisi akautazama mkono ule ukienda mbio, kisha akageuka nyuma akaona simu zilizoinuliwa.

Kufika Jumanne ubeti ulikuwa umeenea Wiyoni, alikokuwa karibu kuolewa Lubna. Bi Esha, mama wa bwana harusi, alipiga simu.

"Sisi mambo hayo hatuyaamini," alisema. "Ila kijana mwenyewe anaona bado hajawa tayari. Mtuwie radhi."

Alasiri yake akapiga profesa. Alitaka beti zilizobaki, azitie katika chapa ya pili.

"Nyanya yako atatajwa kwa jina," alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka ulifute shairi lenyewe."

"Elimu haifuti, Bi."

"Basi Mungu akulipe wewe na babu yako," akasema Mwanamkisi, akaikata simu.

Lubna alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mti ulipokuwa Mwingereza, mama," aliuliza, "ulikuwa ukimdhuru nani?"

Mwanamkisi akaanza kumkaripia kwa kumletea kile kitabu.