Joto Lililopanda Juu

Kaka yangu Ipyana alikuwa na akili nyingi, na ndizo zilizotuponza. Alisomea hali ya hewa, akarudi Hasamba mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, akapewa kituo kidogo cha kupimia mvua na baridi. Lakini yeye alipenda kupiga hesabu ya joto. Alituambia ardhi hunywa joto la jua mchana, usiku hulirudisha juu. Hewa yenye unyevu hulizuia kidogo, hewa kavu huliachia lipotee, na hapo sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, huchoma miche. Aliigawa hewa tabaka tabaka, kila tabaka na hesabu yake, kwa mkono, usiku kucha. Kisha akabuni njia ya mkato: tabaka zote akazifanya moja, jibu likapatikana kabla ugali haujaiva.

Mama yetu, Ruti, ndiye aliyetunza kitalu cha kahawa cha kijiji.

Juni moja mkato ukasema sakitu inakuja. Ipyana akagonga chuma cha ofisini, kengele yetu ya kijiji, wakubwa kwa wadogo wakakesha wakifukiza maganda ya kahawa ili moshi uifunike miche. Kukapambazuka vuguvugu tu. Watu wa kwetu kwa utani, mh! Balozi wetu wa nyumba kumi, Barnaba, alimwita Bwana Sakitu mpaka kanisani, na kaka aliumia sana.

Wiki iliyofuata, jioni, mbingu ikatakata tena. Mkato ukasema vilevile.

"Gonga chuma, mwanangu," mama akamwambia. "Waache wacheke."

"Nihakikishe kwanza, mama." Akaanza tabaka moja moja.

Ahakikishe nini! Mimi nilikuwa nimeolewa kijiji cha Isansa. Ningekuwepo ningekigonga mwenyewe. Mama alichoka kungoja, akabeba mablanketi yote ya nyumbani, na lake pia, akaenda kuifunika miche peke yake, akabaki na kitenge. Alfajiri Ipyana akatoka mbio na jibu lake. Lilikuwa sahihi kabisa. Nyasi zilikuwa nyeupe, mama anatetemeka kitaluni. Kichomi kilimchukua kabla ya Jumapili.

Haraka haraka haina baraka, sawa. Lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Miche aliyoifunika ilipona, ndiyo mibuni tunayochuma leo. Nilimchukia Ipyana miaka mingi, sasa nimechoka. Kila Juni, anga likitakata, hapigi hesabu yoyote. Hubeba maganda ya kahawa, huyawasha kando ya kaburi la mama, hukaa hapo mpaka jua litoke. Nikiwa nyumbani, mimi humpelekea uji.