Santuri ya Msaragambo

Santuri ya kwanza ya bendi ilifika Same kwa basi, Jumanne moja ya mwaka 1975, imefungwa kwa gazeti kuukuu pamoja na barua ya waliourekodi wimbo kule Dar es Salaam. Barua ilisema bendi inatia matumaini, ila mwanzo wa wimbo ni mrefu mno. Lukia, mwimbaji, aliisoma mara mbili akacheka. Mwanzo huo ndio alioupenda kuliko yote.

Hezroni, mpiga gitaa, alijifunza bluzi kwa santuri za Wamarekani weusi alizoachiwa na mwalimu wa kigeni. Ule mkwaruzo wa roki aliupata mwenyewe, kwa kutoboa spika kwa msumari. Lakini mwanzo wa wimbo aliuiga kutoka baragumu la Mzee Filipo, baba yake Lukia, aliyekuwa akiita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu likilia unachukua jembe unatoka, hakuna cha mgongo wala mafua. Mzee alifariki miaka minne nyuma, na kaburi lake lilibaki mlimani watu walipohamishiwa kijiji kipya cha tambarare. Waliambiwa maji yatafuata. Mpaka siku hiyo wanawake ndio waliokuwa wakiyafuata chemchemini, mwendo wa nusu siku, na Lukia akiwamo.

Alasiri ile waliweka santuri kwenye gramafoni ya betri, mbele ya ofisi ya kijiji. Gitaa lilipolia tu, marehemu wakashuka mlimani na majembe yao, Mzee Filipo akiwa mbele. Walio hai waliona haya kukaa, nao wakaenda kuchukua yao.

"Shikamoo, baba," Lukia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tunachimba wapi?"

Akamwonyesha. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu, na ulipokwisha marehemu walianza kurudi, kwa hiyo Hezroni akairudisha sindano mwanzo. Kwa wiki tatu walichimba mfereji, kutoka bwawa la mlimani hadi mlangoni kwa Lukia. Alikuwa amemkumbuka sana baba yake. Alichimba ubavuni mwake kila siku, akamfuta jasho kwa khanga, na hakujali kwamba santuri inachakaa.

Siku ya kufungulia maji alikuja ofisa. Aliwaamkia marehemu kwa adabu, akasifu kazi, kisha akasema mfereji haumo kwenye ramani na maji ya bwawa yameshapangiwa shamba la mkubwa mmoja. Akatia kufuli kwenye lango la bwawa, akapanda Landrova yake.

Hezroni alisema santuri imebakiza kupigwa mara moja tu. Lukia akamwambia ailete gramafoni mlangoni kwake, aiweke.

Mzee Filipo alishuka peke yake. Aliutazama mfereji mkavu, akalaza jembe, akakaa kizingitini karibu na binti yake. Wiki zote tatu hakuwa ameusikiliza wimbo, maana alikuwa kazini. Sasa aliusikiliza wote, kichwa ameinamisha.

"Umeimba vizuri, mama," alisema. "Ila sauti yako ina kiu."

"Ni kweli, baba."

Sindano ilipofika mwisho mzee alichukua jembe lake, akaingia ndani ya mfereji, akaanza kupanda mlima taratibu. Lukia akajitwika debe. Chemchemi ilikuwa upande huohuo, wakaenda pamoja hadi njia panda.