Nusu Kichwa na Dawa ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita kinyozi Nusu Kichwa, na jina hilo alilipata kwa haki. Mashine ikishapita upande mmoja wa kichwa cha mteja, mara tumbo lake linanguruma, naye anatimua mbio chooni. Mteja anabaki kitini akijitazama kwenye kioo, upande msitu, upande uwanja.

"Mdogo wangu," dada yake, mwenye saluni, alimwambia Jumamosi hiyo asubuhi, "leo ukiacha kichwa nusu, kiti nampa mtu mwingine. Undugu tutaendelea nao nyumbani."

Si kwamba kinyozi alikuwa hajajitahidi. Mama mkwe wake, mfugaji wa ng'ombe, alimletea themosi ya maziwa kila siku. Dawa ya tumbo, alisema. Tumbo lilipozidi, maziwa yakazidi. Basi kinyozi akageukia maombi. Alifunga siku tatu kwa maji matupu, na tumbo likatulia tuli. Akamshukuru Mungu kwa machozi, kisha akafuturu kwa kikombe kikubwa cha maziwa.

Hiyo ilikuwa jana yake. Asubuhi hiyo akaongeza kingine.

Mteja wa kwanza alikuwa baba mkwe, aliyetaka kichwa king'ae kwa harusi ya binti yake wa mwisho mchana huo. Kinyozi alinyoa upande wa kushoto akiomba kimoyomoyo. Alipofika utosini, tumbo likaunguruma.

"Radi hiyo?" mzee akauliza.

"Nakuja, baba!"

Huko chooni alisikia mlango ukigongwa.

"Mwanangu," baba mkwe alinong'ona, "umekunywa maziwa ya mama yenu?"

"Ndiyo, baba. Si ndiyo dawa?"

"Na ulipofunga?"

"Nilikuwa mzima kama chuma."

Mzee akasogeza mdomo mlangoni. "Mimi yangu namwagia maua dirishani. Daktari alishaniambia, matumbo mengine ukubwani hayawezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Si kidonda, wala hukurogwa. Mtindi kidogo navumilia. Maziwa yenyewe, hapana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Unamjua mke wangu."

Kinyozi akajishika kichwa. Kumbe Mungu alimjibu tangu siku ya kwanza ya kufunga, na yeye jibu lenyewe akalizamisha kwenye kikombe cha maziwa!

Alinawa mikono, akarudi kazini. Dada alisimama mikono kiunoni, akikipima kichwa kwa macho. Upande wa sikio la kulia tu ulikuwa umebaki pale mama mkwe alipoingia na themosi.

"Haya, nani anaanza?"

Kinyozi alimtazama dada, akaitazama themosi. Akiinywa, kiti kimeondoka.

"Mama," akasema, "nakuheshimu sana, ila maziwa yananikimbiza chooni. Na si mimi peke yangu."

"Nani mwingine?"

Kwenye kioo, mzee alikuwa akizama taratibu ndani ya shuka ya kunyolea.

"Wewe!" mama mkwe akapaza sauti. "Ndiyo maana maua yangu yamekauka?"

"Mke wangu, leo ni harusi…"

"Harusi itaisha." Akajimiminia kikombe, akakinywa chote huku amemkazia macho. Kisha akamgeukia mkwewe, sauti ikalainika. "Kesho nitakuletea mtindi, mwanangu. Kidogo tu, tuone."

Dada alicheka hadi akashika ukuta.

"Kiti ni chako," akasema, "lakini malizia hilo sikio kabla mzee hajakimbia."