Mshike Mwenyewe

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Tuanze hapo, tusije tukagombania cheo ambacho kina mwenyewe.

Sisi ni watu wa paka na mbwa, sungura na kasuku. Babu ndiye aliyeanza kuwatibu, akamrithisha shangazi yangu kazi hiyo, na shangazi, baada ya dunia kunitwanga nikalainika kama unga, akaniweka mapokezi. Nilikuwa nimeshauza viatu, nikatapeliwa. Nimeshaendesha lori, likapinduka. Nimeshaoa, nikaachwa. "Njoo kwetu," aliniambia, "huku angalau anayekuuma unamwona."

Kliniki yetu ni vyumba viwili chini ya paa moja bovu. Mvua ikinyesha tunatega beseni kati ya benchi la paka na benchi la mbwa, na wateja wameshazoea kulizunguka. Zamani jengo lilikuwa la mama mmoja mpole, na paa likitoboka alileta fundi. Alipofariki likaenda kwa mwanawe, na tangu hapo kinachotengenezwa ni ahadi tu.

Basi huyo mwanawe akanipigia simu. Mama yake alimwachia na mbwa pia, Kamanda, na Kamanda anauma watu. Alitaka tumlaze ule usingizi wa mwisho. "Nitamleta, nitamwacha, nitaondoka. Halafu tuzungumze habari ya paa."

Niliposikia paa, masikio yakaziba kwa mengine yote. "Hakuna shida, bosi. Lete tu, tutamaliza."

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Maana kliniki hii ina sheria ya babu: anayetaka mnyama wake alazwe, ampakate mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho. Babu alisema mtu akishindwa kumpakata, huenda mnyama haumwi kiasi hicho. Anayeumwa ni mwenye mnyama.

Nikajiambia, nitampakata mimi. Kwa ajili ya paa, Shangazi atakubali tu.

Mwenye jengo akaja asubuhi na mvua yake, suti rangi ya maziwa, mbwa kamfunga mdomo kwa mkanda wa ngozi kama jambazi. Kamanda ni mbwa mwekundu, nyusi zimeshakuwa nyeupe. Aliingia, akalizunguka beseni bila hata kulitazama, akajilaza chini ya benchi lake la siku zote. Tangu mtoto analetwa hapa.

Shangazi akatoka chumba cha matibabu akijifuta mikono. "Kamanda wangu! Nani kakufunga mdomo? Umetoa siri gani?"

"Anauma," akasema mwenye jengo.

Shangazi akafungua mkanda, akaingiza vidole mdomoni mwa mbwa mpaka nikafumba macho. Kamanda akavilamba. "Meno yake nimeng'oa mimi. Yamebaki mawili, nayo hayakutani. Kamuuma nani, maziwa?"

Nikacheka. Mwenye jengo akanitazama, nikakimeza kicheko kikashuka na mifupa yake.

Shangazi akamsikiliza Kamanda moyo, akambonyeza tumbo, akamkunja miguu ya nyuma mmoja mmoja. "Moyo mzima, tumbo halina uvimbe. Viungo vimekaza, huo ni umri, na dawa yake ipo. Masikio yamekufa, na hiyo ni bahati yake leo. Sasa alazwe kwa ugonjwa gani?"

"Nilishakubaliana na mtu wako wa mapokezi."

Siku za kawaida shangazi huniita Kichwa Maji. Akiniita baba, ujue nimeharibu.

"Baba," akasema, "umekubali nini?"

"Paa, Shangazi."

"Nimekuuliza habari ya mbwa."

"Nilisema… nitampakata mimi."

"Mbwa ni wako?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akavuta kiti, akakipiga-piga kama anamkaribisha mgeni wa heshima. "Haya, mwanangu, keti. Mpakate. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mama yako alimpakata paka wake kwenye kiti hikihiki, akalia mpaka nikampa taulo."

Mwenye jengo hakuketi. Kamanda akajikokota kutoka chini ya benchi, akaja kuweka kidevu juu ya kiatu chake. Mwenye jengo akauvuta mguu. Kamanda akakifuata kiatu, akaweka kidevu tena.

"Nina suti," akasema.

"Taulo bado ninayo."

"Siwezi."

"Kama huwezi, mwache hapa akiwa hai. Tutamfuga. Nafasi ipo, na hanyimwi chakula."

"Sitaki! Mtaa mzima unamjua mbwa huyu. Wakimwona hapa watasema nimemtupa mbwa wa mama."

Kumbe! Kilichokuwa kinamuuma hakikuwa Kamanda, ilikuwa midomo ya majirani.

Akaona amejivua nguo, akapandisha sauti. "Daktari, jengo ni langu. Mkimdunga, paa linatengenezwa. Mkikataa, mnahama."

Nikaitazama meza ya bati, pale ilipobonyea kwa viwiko vya babu. Nikamtazama Kamanda, kidevu juu ya kiatu cha mtu anayetaka afe. Na mimi kufukuzwa nimekuzoea, naweza kufungasha nimefumba macho. Nikaenda kwenye msumari ukutani nikachukua funguo za kliniki, nikazitupa mezani.

"Zako hizo, bosi. Meza yetu, beseni letu, na mbwa huyu tunaondoka naye. Babu alianzia kazi hii chini ya turubai, na turubai lake halikuvuja."

"Mwone Kichwa Maji," akasema shangazi. "Leo yameganda."

Nikamwondolea Kamanda kamba shingoni, nikaitia mfukoni.

Mwenye jengo aliondoka bila mbwa na bila funguo. Paa linavuja mpaka leo, na Kamanda bado analizunguka beseni. Lakini nisijisifu, si mimi niliyemtoa. Mimi nilimpandisha hasira tu, akawa anapiga kelele mpaka kasuku wa chumba cha pili akamwitikia.

"Mnapigania nini hapa?" akafoka mwenye jengo. "Kizee! Kinalala, kinajikojolea, hakifai kwa lolote! Kitu kikishazeeka na kuvuja kinaondolewa, basi!"

Tone likadondoka toka juu, likalia ndani ya beseni. Sote watatu tukaliangalia.

"Mwanangu," akasema shangazi, "mama yako alikuachia mbwa na jengo siku moja. Jengo ndilo zee zaidi, na ndilo linalovuja zaidi. Mbona hilo hujaniletea nilidunge sindano?"